Jicho Lako na la Mwenzako: Mwongozo Kamili wa Kujijua

Miaka michache iliyopita tulikuwa barazani nyumbani Tanga, tunamenya viazi vya shughuli. Nikamuuliza mwenzangu niliyesoma naye sekondari swali ambalo nilidhani jibu lake ninalo tayari: "Ukiambiwa unieleze kwa mtu asiyenijua, utasemaje?" Nilitegemea aseme mimi ni mtu wa watu. Alinyamaza, akamaliza kiazi kizima, ndipo akasema: "Ningemwambia una roho nzuri. Ila akikuomba jambo la maana, aombe na mtu mwingine pembeni."

Nikacheka, nikamwambia aniambie ana maana gani. Akaweka kisu chini. "Wewe neno 'hapana' hulijui, mwenzangu. Unasema 'usijali, nitashughulikia', halafu mtu anakaa anakusubiri. Mama mdogo ulimwambia utampeleka hospitali Jumatano. Mchango wa harusi ulisema utautuma Ijumaa. Na mimi mwenyewe nilikusubiri stendi saa mbili nzima."

Usiku ule usingizi ulikuwa mgumu. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakuwa amesema uongo, na mimi pia sikuwa najidanganya. Kila niliposema "nitashughulikia" nilimaanisha kwa moyo wote. Nilikuwa nikijipima kwa nia yangu, yeye akinipima kwa zile saa mbili za stendi, na yule mwenye nia na yule asiyetokea wote ni mimi.

Tangu hapo nimelifanya zoezi hili kwa mpangilio mara nne, na nimewasaidia wadogo zangu na wenzangu wachache kazini kulifanya. Linachukua kama wiki nane ukihesabu kila kitu. Unahitaji daftari, kalamu, na mtu mmoja au wawili wenye ujasiri.

Nani anajua nini juu yako

Kabla ya hatua zenyewe, elewa hili kwanza, maana ndilo linaloamua zoezi litakufaa au litakuumiza bure.

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha la vioo vinne kuonyesha mtu anavyojulikana. Walilipa jina la Johari kwa kuunganisha Joe na Harry, majina yao ya kuitana. Kwetu johari ni kito, na tena ni kile kiini chenyewe cha kitu, kwa hiyo naona jina limeangukia mahali pake. Vile vioo vinne mimi huvikumbuka kwa majina ya kwetu. Cha kwanza ni baraza: unayoyajua wewe na wapitanjia wanayaona. Cha pili ni chumba cha ndani: unayoyajua wewe peke yako. Cha tatu ni kisogo: wengine wanakiona kila siku, wewe hujawahi kukiona. Cha nne ni giza: yale ambayo wewe wala mwingine hajayajua bado. Wahenga waliposema nyani haoni kundule walikuwa wanakizungumzia hicho kisogo. Sisi methali ile tumeifanya ya kusutana, lakini ukiitazama vizuri inaeleza tu jinsi kila kiumbe alivyoumbwa.

Mwaka 2010 mwanasaikolojia Simine Vazire alichapisha utafiti uliolipima jambo hili. Watu 165 walijieleza wenyewe, kisha wakaelezwa na marafiki zao na pia na watu wasiowajua, halafu maelezo yote yakalinganishwa na yaliyoonekana kwenye vipimo. Kwa mambo ya wasiwasi na hofu, mwenyewe ndiye aliyejijua vizuri zaidi. Kwa mambo kama werevu na ubunifu, ambayo mtu ana sababu ya kujipendelea au kujidharau, marafiki walikuwa sahihi kuliko yeye. Na yale ya nje kabisa, kama uchangamfu, kila mtu aliyaona.

Kanuni ya mwongozo wote ni hiyo. Yaliyomo chumba cha ndani jiulize mwenyewe, ya kisogoni muulize mwenzako. Watu wengi huchoka kwa sababu wanabisha hodi mlango usio wenyewe: wanajifungia chumbani miezi kutafuta jambo ambalo jirani angewaambia kwa dakika moja, au wanazunguka kwa watu kumi wakiuliza "hivi mimi nataka nini maishani?"

Hatua ya 1: Orodhesha majina unayoitwa

Usianze na "mimi ni nani?" Swali hilo ni pana mno, na majibu yake huwa maneno matamu yasiyoshikika. Anza na majina.

Chukua ukurasa mzima uandike kila jina unaloitwa na watu walio hai leo. Kwetu mtu ana mengi. Ukizaa, unakuwa Mama au Baba fulani, na kuna majirani ambao wataishi na wewe miaka kumi bila kulijua jina lako la kuzaliwa. Kwa kaka yako wewe ni dada, kwa watoto wake ni shangazi. Kazini ni mhasibu, au bosi, au "yule dada wa stoo". Kijijini bado wanakuita jina la utani la utotoni. Msikitini au kanisani una jina jingine. Yaandike yote.

Mbele ya kila jina jibu mambo matatu kwa sentensi fupi: wanaoniita hivi wananitegemea kwa nini, ninakuwaje nikiwa nao, na nikiondoka ninahisi nimepumua au nimechoka. Hilo la tatu ni la chumba cha ndani, hakuna mwingine wa kukujibia. Mdogo wangu wa kike alipofanya hatua hii aligundua kwamba chini ya majina saba kati ya tisa aliandika neno lilelile: "mpatanishi". Kila mahali yeye ndiye anayewaamulia watu ugomvi. Hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote, na wala hakuwa ameliona mpaka alipoyaona majina yamepangana kwenye karatasi moja.

Kisha chagua swali moja dogo litakaloongoza zoezi zima. Liwe na hali ndani yake. "Ninakuwaje pesa zikiniishia?" "Mtu mdogo kwangu akinikosoa, ninafanya nini?" "Watu wakiwa na shida, mimi huwa nani kwao?" Langu la kwanza lilikuwa: "Ninakuwaje nikiombwa kitu?"

Hatua ya 2: Weka daftari kwa siku 14

Kila jioni, dakika 15, si zaidi. Gawa ukurasa safu tatu: kilichotokea, nilichofanya, nilichohisi mwilini na moyoni. Andika matendo na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. "Nilikuwa mkali" haisaidii. "Nilimwambia mtoto 'toka hapa' kabla hajamaliza sentensi" inasaidia.

Safu ya nne, ya "kwa nini nilifanya hivyo", usiiweke. Najua inavutia. Lakini tafsiri ya sababu ndiyo sehemu tunayobahatisha kuliko zote, tena kwa uhakika mkubwa. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jaribio ambapo wapita njia walionyeshwa jozi nne za soksi ndefu za nailoni zilizopangwa mezani, wachague iliyo bora. Wengi walichagua zilizokaa upande wa kulia. Walipoulizwa sababu walitaja ufumaji, ubora na mengineyo. Soksi zote zilikuwa za aina moja kabisa. Hakuna aliyetaja mahali zilipowekwa, na walipodokezwa walikataa. Hawakuwa waongo, akili iliombwa sababu ikaitoa iliyo karibu. Basi kwa siku hizi 14 uliza "nini" na "lini". Ile "kwa nini" itakuja yenyewe baadaye ikiwa na ushahidi.

Mbali na daftari, kuna mashahidi wengine watatu ambao hawana haya wala upendeleo, na wote wako kwenye simu yako.

Wa kwanza ni taarifa ya miamala ya mwezi uliopita. Ipitie na kalamu. Unasema familia ndiyo kitu cha kwanza kwako: pesa imeenda wapi? Sisemi lazima iende huko, nasema uione.

Wa pili ni meseji ulizotuma. Tafuta neno lako. Mimi nilitafuta "nitakucheki" na "usijali" kwenye WhatsApp, nikahesabu, kisha nikafungua moja moja kuona kama nilifanya nilichoahidi. Mwezi mmoja ulikuwa na ahadi 31. Nilizotimiza siku niliyoisema zilikuwa 9. Nilikaa na zile namba jikoni muda mrefu.

Wa tatu ni sauti yako mwenyewe. Sikiliza ujumbe wa sauti uliomtumia mtu unayemheshimu, na mwingine uliomtumia fundi au dada wa kazi. Usihukumu chochote, sikiliza tu ile sauti.

Ukiona unaandika jambo lilelile siku ya nne mfululizo, na kila ukiandika moyo unazidi kuwa mzito, funga daftari kwa siku mbili. Hapo umeacha kujichunguza, umeingia kwenye kujisaga.

Hatua ya 3: Andika utabiri kabla hujamuuliza mtu

Watu wengi huiruka hatua hii, na bila yake hutajua kisogo chako kina ukubwa gani. Andika kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza: rafiki yangu atasema nini? Mambo matano, mazuri na mabaya, kwa maneno yake yeye. Ukurasa wa pili: asiyenipenda angesema nini? Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitaja njia nne za mtu kuzijua aibu za nafsi yake: kukaa mbele ya sheikh anayeyajua maradhi ya nafsi, kumteua rafiki mkweli mwenye macho na dini awe mchunguzi wako, kuzisikiliza ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu, kila baya unaloliona kwao ukajiulize kama na wewe unalo. Hiyo ya tatu wengi hawaipendi. Lakini adui amekaa muda mrefu akikutazama, na jicho lake halina huruma ya kukuficha kitu. Chukua anachokisema, kitoe sumu, uangalie kilichobaki.

Kunja karatasi, andika tarehe, weka mahali. Usiisome tena mpaka hatua ya 7.

Hatua ya 4: Mchague mtu

Hapa usikimbilie. Rafiki wa kukuambia ukweli si lazima awe yule unayecheka naye zaidi.

Mtu anayefaa amekuona mahali pasipopungua pawili: kazini na msibani, kwa mfano, au ukiwa nazo na ukiwa huna. Mnaweza kupishana kauli mkabaki mnasalimiana. Akikuambia jambo la mtu mwingine hulitia chumvi kidogo tu au hatii kabisa. Na maisha yake hayaning'inii kwako: hakudai, humdai, hukumtafutia kazi, wala hategemei umlipie ada ya mtoto. Anayekula mkononi mwako atakusifia, na huwezi kumlaumu.

Mwenzi wa ndoa? Naomba usianze naye. Anakujua sana, lakini kila atakalosema litakuwa pia ni la ndoa yenu, na mtatoka kwenye zoezi mkiwa mnajadili hela ya matumizi. Aje wa pili au wa tatu.

Usimsahau mtani. Mila zetu zilishaona kwamba ukweli unahitaji mtu mwenye ruhusa. Mtani, kama walivyo Wanyamwezi na Wazaramo, anaweza kukuzodoa hata msibani kwako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Bibi na babu ni watani wa wajukuu zao. Bibi anayekuita "mke mwenzangu" anaweza kukuambia katikati ya kicheko jambo ambalo mama yako asingethubutu. Pwani binti anayeolewa ana somo wake, mwanamke mwenye haki ya kumwambia usoni kuhusu mwenendo wake, na binti akakaa kimya akasikiliza. Kama una mtu wa namna hiyo, una hazina.

Ukiweza, pata wawili wasiojuana. Sababu utaiona kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 5: Omba kwa adabu, omba matukio

Kwetu kumwambia mtu aibu yake usoni ni kumvunjia heshima. Rafiki yako amelelewa hivyo, kwa hiyo ukimuuliza ghafla "niambie ukweli" atakuambia "wewe huna tatizo, mpenzi", na atakuwa amefanya kama alivyofundishwa. Lazima umpe ruhusa, muda na maswali. Mimi hutuma ujumbe siku nne au tano kabla, kama huu:

"Habari za leo, mwenzangu. Nina jambo naomba unisaidie. Najaribu kujielewa, hasa ninavyokuwa watu wakiniomba kitu. Wewe umeniona miaka mingi. Naomba siku tukae saa moja unieleze uliyoyaona kwa macho yako, mazuri na mabaya. Siku hiyo sitajitetea, na baada ya hapo sitakununia. Maswali ninayatuma hapa uyafikirie kwanza."

Na maswali ni haya matano:

Ni lini uliniona nikiwa bora kabisa, na nilikuwa nafanya nini?
Ni lini nilikuudhi au nilikuangusha, ukaamua kunyamaza?
Nikiwa nimeelemewa, unajuaje kabla sijasema?
Kuna jambo gani watu wanalijua juu yangu unalohisi mimi silijui?
Kuna kitu ambacho usingeniomba mimi, ukaenda kwa mwingine? Kipi?

Hilo la mwisho limenipa zaidi kuliko yote. Mtu anaweza kuwa mpole katika kukueleza, lakini mahali anapokwenda akiwa na shida panaonyesha anakuonaje.

Angalia kwamba karibu kila swali linataka tukio. Kuna sababu. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za watu kupewa mrejesho, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilimfanya mtu afanye vibaya kuliko mwanzo. Mrejesho ulipoacha kazi yenyewe na kuigusa nafsi ya mtu, ndivyo ulivyopungua nguvu. "Wewe ni mbinafsi" inabaki kifuani kama mwiba. "Siku ile ya msiba wa babu ulikula, ukaondoka, vyombo tukaviosha sisi" unaweza kuifanyia kazi kesho.

Mahali: mkae ubavu kwa ubavu kuliko uso kwa uso. Kutembea jioni, kupika pamoja, kuchambua mchele. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unalegea. Isiwe mbele ya watoto, isiwe kwenye kundi la WhatsApp.

Ukimuomba mdogo wako kiumri au aliye chini yako kazini, anza wewe kutaja kosa lako moja la kweli ulilomfanyia. Ukianza wewe, atajua mlango uko wazi. Na mruhusu ajibu kwa ujumbe wa sauti akiwa peke yake, maana macho ya mkubwa humfunga mtu ulimi.

Hatua ya 6: Sikiliza bila kujitetea

Utasikia joto masikioni. Tumbo litakaza. Neno "lakini" litafika kwenye ncha ya ulimi, na likitoka tu, zoezi limekwisha: mwenzako ataanza kulainisha, na kuanzia hapo utasikia pongezi tu.

Andika anayoyasema, kwa maneno yake. Unaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu: "Ilikuwa lini?" na "Nilisemaje au nilifanyaje hasa?" Akinyamaza, na wewe nyamaza. Kimya cha pili au cha tatu ndicho hutoa jambo zito. Rafiki yangu wa stendi aliniambia la maana zaidi tulipokuwa tumeshasimama tunaagana: kwamba watoto wake wameacha kuuliza "shangazi anakuja?"

Akimaliza, sema asante, mtengenezee chai, zungumzeni mengine. Usimwombe msamaha kwa kila kitu hapohapo, maana atajiona amekuumiza na atajuta kusema. Msamaha una siku yake.

Hatua ya 7: Pepeta

Subiri siku tatu. Kisha toa zile karatasi za utabiri, daftari, na maneno ya mwenzako, uviweke pamoja mezani. Sasa fanya kama mtu mwenye ungo: kuna mchele, kuna pumba, na kuna chuya, zile punje ambazo bado zina ganda na hujui ndani mna nini.

Mchele ni lile lililoonekana na rafiki na daftari lako pia linalo, au lililosemwa na watu wawili wasiojuana. Ndiyo maana niliomba wawe wawili. Mmoja anaweza kuwa na kidonda chake; wawili wasiojuana wakitaja kitu kimoja, kitu hicho kipo.

Pumba zipo za aina mbili. Ya kwanza ni maneno yanayomkaa kila mtu. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini yameandikwa kwa ajili yake. Waliyapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, yenye maneno aliyoyatoa kwenye kitabu cha unajimu. "Unajiamini nje lakini ndani una mashaka" ni pumba ya namna hiyo. Ikikusisimua, jiulize nani asiyekuwa hivyo.

Aina ya pili inahitaji umakini zaidi, kwa sababu inatoka kwa mtu mkweli. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia nina maringo: kazi ikiisha tu naondoka, sikai na watu. Kwamba nilikuwa naondoka mbio ni kweli kabisa. Lakini maringo? Nilikuwa nawahi daladala ya saa kumi na moja ili nimkute mtoto kabla jirani anayemtunza hajachoka. Alichokiona kilikuwa sahihi, alichokibahatisha hakikuwa. Basi kila sentensi ya rafiki igawe: akikuambia ulichofanya, mpe uzito mkubwa. Akikuambia ulichokuwa unafikiri au unataka, huo ni mlango wa chumba chako cha ndani, na ufunguo unao wewe. Ila usiishie hapo kwa furaha. Bado ulibaki na kazi ya kujua kwamba ukiondoka bila neno, watu wanaona maringo. Kesho yake nilianza kuaga na kusema nawahi mtoto. Ilichukua sekunde kumi.

Emily Pronin, mwanasaikolojia aliyelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, anaonyesha kwamba sisi hujipima kwa mawazo yaliyomo ndani yetu, na wengine tukawapima kwa matendo yao. Meza yako sasa hivi ina vipimo vyote viwili, na nafasi ya namna hiyo haipatikani mara nyingi. Chora mstari katikati ya ukurasa: kushoto nilivyokusudia, kulia walivyokipokea. Penye pengo kubwa ndipo pa kufanyia kazi.

Chuya ni yale usiyoweza kuyathibitisha wala kuyakataa. Yaandike na tarehe, yaache. Kwenye daftari langu kuna moja imekaa mwaka mzima bado.

Halafu linganisha utabiri. Kati ya matano uliyoandika, mangapi yalitajwa? Na lipi lilitajwa ambalo hukuliandika kabisa? Hilo ndilo kisogo. Na angalia mazuri kwa uangalifu uleule, maana kisogoni hakuna aibu peke yake. Mwenzangu aliniambia nilipokuwa nimekaa kimya siku tatu kwa mfiwa bila kusema neno, nilifaa kuliko wote waliohubiri. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani siku ile nikijilaumu kwamba sikuwa na la kusema.

Hatua ya 8: Badili jambo moja, kwa wiki nne

Moja tu. Liwe dogo kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuona umelifanya au hukulifanya. "Nitakuwa mwaminifu" haionekani. Langu lilikuwa: nikiombwa kitu, nitasema "nipe mpaka kesho asubuhi nikujibu", na asubuhi nitajibu ndiyo au hapana. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Hapana ya kwanza nilimwambia shemeji, mikono ikitetemeka kwenye simu. Akajibu "sawa dada, nitamuuliza mwingine", basi.

Mwambie yule rafiki unachojaribu, na umuombe akutazame. Wiki nne zikiisha, rudi kwake na swali moja: "Umeona tofauti? Wapi?" Waliokusubiri bure zamani, huu ndio wakati wa kuwaomba radhi, kwa sababu sasa unacho cha kuwaonyesha.

Wakati wa kuacha

Usifanye zoezi hili ukiwa na msiba mbichi, ukiwa umetoka kuachika au kufukuzwa kazi, au kama ni wiki kadhaa sasa hulali, huli, na kila unachojiona ni kibaya. Wakati huo kioo chochote kitakuonyesha sura iliyopinda, na anayekufaa ni daktari au mshauri nasaha. Na kama aliyekusikiliza anayarudia maneno yako mbele za watu, au kila mkikaa anakupunguza mpaka unaogopa kumwona, huyo hakukupa mrejesho. Ondoka, chukua daftari lako.

Mwezi uliopita mwenzangu alikuja tena Tanga. Nilimpa maswali yaleyale matano. La stendi hakulitaja. Alisema nimeanza kusema hapana vizuri, lakini nikisema "niko njiani" bado ninakuwa nyumbani natafuta viatu. Nimeliandika, tarehe 3, safu ya kwanza. Jumamosi hii nina miadi naye saa nne asubuhi, na viatu nimeshaviweka mlangoni.